Mkono wa Shaali Umehitimu

Jinsi nilivyofika nchi ya Utelezini sina haja ya kusimulia, kwani barabara mbovu zinafanana kila mahali. Nitasimulia nilichokikuta. Maisha yangu yote nilikuwa mkaguzi wa shule mpaka nilipostaafu. Nimekagua shule zisizo na paa, shule zisizo na walimu, na moja isiyo na wanafunzi ambayo mwalimu mkuu wake alinihakikishia kwamba nidhamu ni nzuri sana. Lakini shule niliyoiona Utelezini, Mungu aninusuru nisiione nyingine.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Siwema, fundi wa majiko ya mkaa. Ua wake ulijaa mabati chakavu na mapipa yaliyopasuliwa, na tangu jua linapochomoza alikuwa akigonga. Nyumba ilikuwa yake, aliijenga kwa majiko hayohayo. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu, na mkono wake wa kushoto haukupanda juu ya bega. Bati alilibana kwa goti, akaligonga kwa mkono wa kulia. Nilidhani ni ajali ya kazi, sikuuliza.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda sokoni. Njiani nikakutana na mwanamume aliyevaa mfuko wa sufu wa kijani kwenye mkono wa kulia, una vifungo na nembo. Watu waliopishana naye waliinama wakausalimia mkono.

"Mkono, hujambo? Masomo yanaendaje?"

Mkono ukachezesha vidole. Mwenyewe alitazama pembeni, kama mtu aliyetumwa kumpeleka shule mtoto wa jirani.

Niliporudi nilimweleza Siwema. Hakuacha kugonga.

"Hiyo ni sare," alisema. "Mkono ule ni mwanafunzi."

"Na yule bwana?"

"Yule anausindikiza tu."

Nilimwomba aweke nyundo chini anieleze kama mtu anayemweleza mgeni, naye akanieleza. Hapo zamani, mwanamume mmoja wa Utelezini alifikishwa mbele ya Baraza kwa kumpiga mkewe. Alijitetea kwamba yeye hakufanya kitu, ni mkono tu ulioteleza. Baraza liliigeuza hoja hiyo huku na huku likaona haina kasoro. Kweli, kilichomgusa mke kilikuwa mkono. Hakuna shahidi aliyemwona mume mzima akipaa hewani na kumwangukia mtu. Basi mkono ukahukumiwa, na mume akapewa pole kwa kuishi na kiungo kama kile. Tangu siku hiyo ikapitishwa Sheria ya Kiungo Husika. Mkono ukikosa unapelekwa Chuo cha Mikono, na mwenye mkono anausindikiza kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kuufikisha.

"Na wa kwako?" niliuliza, nikiwa nimeanza kuelewa lile bega.

"Wangu anaitwa Shaali. Mkono wake unahitimu Ijumaa. Wa kwanza darasani."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua siku aliyoanika mchele. Kisha akaniambia kilichokuwa kikimnyima usingizi. Siku ya mahafali mke hupanda jukwaani na kuupokea mkono. Akiupokea, mkono unarudi nyumbani siku hiyohiyo na msindikizaji wake. Akikataa, sheria inasema ameuacha mkono ukining'inia hewani, na adhabu yake ni kuuachia nyumba.

"Kwa hiyo nimpokee aje animalizie bega la pili," alisema Siwema, "au nikatae, nikalale kwenye pipa. Chagua wewe, Bi Mkaguzi, umesoma."

Nilimwambia akimbie usiku huohuo, nauli nitampa mimi.

"Nikimbie niende wapi? Nyumba hii nimeigonga bati kwa bati. Kwa nini nikimbie mimi?"

Nikafanya ninachokifanya nikikosa jibu, nikaenda kukagua shule.

Chuo cha Mikono kilikuwa kizuri kuliko shule yoyote ya kwetu, na hilo peke yake liliniudhi. Mkuu wa Chuo, Mwalimu Badru, alinipokea kwa furaha. Alikuwa bwana mnene, mwenye sauti laini, anayepapasa meza wakati wote akizungumza ili kuonyesha mfano. Alinipeleka darasani. Juu ya kila dawati palikuwa na mto mdogo wa hariri, na juu ya kila mto umelala mkono. Wenye mikono waliketi nyuma ya madawati kwenye viti vya wageni. Mmoja alikoroma. Wawili walicheza karata kwa mikono yao ya kushoto, ambayo haikuwa na kesi.

"Mikono, hamjambo!" alisema mwalimu wa zamu.

Vidole vikapepea.

"Mkono ukikasirika unakwenda wapi?"

Mikono yote ikaingia mifukoni. Mwalimu akapiga makofi. Ikaletewa paka, ikampapasa kwa zamu. Ikaletewa yai, ikapokezana bila kulipasua. Mkono mmoja tu ulibana kidogo, ukapelekwa kusimama pembeni, na mwenyewe akalazimika kusimama nao huku akilalamika kwamba yeye ana miguu mibovu na hakufanya kosa.

"Mnajuaje kama wamebadilika?" nilimuuliza Mkuu.

"Tunaiuliza mikono. Tunasema: mkono uliobadilika ujinyooshe juu. Yote hujinyoosha."

"Wake zao mmewauliza?"

Mwalimu Badru aliacha kupapasa meza. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajamwita kuku kwenye kikao cha mayai.

"Bibi mpendwa, wake hawajasoma hapa. Watajuaje maendeleo ya mwanafunzi?"

Nikaulizia mikono inayorudia kosa. Hapo aling'ara. Alisema hakuna hata mmoja uliowahi kurudia. Ukihitimu wa kulia, kama kuna jambo linatokea tena, basi huwa ni wa kushoto, na huo ni mwanafunzi mpya. Alinionyesha picha kubwa ukutani ya Mheshimiwa Nyange, fahari ya Chuo na mgeni rasmi wa mahafali yanayokuja. Mheshimiwa Nyange alikuwa na cheti cha mkono wa kulia, cha mkono wa kushoto, cha mguu, cha kiwiko, na cha paji la uso, alilolisomesha baada ya kugongana na mkewe kwa namna ambayo Baraza liliijadili kwa kirefu. Hakuna mtu Utelezini aliyesoma kuliko yeye.

"Sasa tunalisubiri goti lake," alisema Mkuu kwa heshima.

"Na mke wake anasemaje?"

"Alihama nchi. Hakupenda elimu, maskini."

Niliomba nionyeshwe mkono wa Shaali. Ulikuwa kwenye dawati la mbele, umevaa sare iliyopigwa pasi, una utepe wa kiranja. Shaali mwenyewe alisimama kunisalimia, akanipa mkono wa kushoto na kuniomba radhi kwa hilo. Alikuwa kijana mtanashati, mpole wa kauli, anayekuita mama kabla hujamwambia jina lako. Nilielewa kwa nini watu wanampenda, na nikajichukia kwa kuelewa.

"Shikamoo mama. Nimesikia umefikia kwetu! Siwema hajambo?"

"Bega linamuuma."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Huu mkono, mama! Umenitia aibu huu. Siku ile nilikuwa nimekaa zangu nasubiri chai. Ghafla naona mkono huo unaondoka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale."

"Hukuuzuia?"

"Ningeuzuia kwa kitu gani, mama, na wa kulia ndio huohuo ninaofanyia kila kitu?"

Alisema hivyo bila utani, akaketi, akaukunjia mkono wake sare ili usipate vumbi.

Alasiri nilipelekwa Barazani kusikiliza mjadala, kwa kuwa wageni wenye heshima hupelekwa huko wapate usingizi mzuri. Hoja ilikuwa kwamba mdomo nao uingizwe kwenye sheria, maana kuna waume ambao midomo yao inateleza kutwa nzima. Wajumbe walipinga kwa ukali. Mjumbe mmoja alisema midomo ikianza kupelekwa Chuoni, Baraza halitapata watu wa kutosha kuendesha kikao. Hoja ikaanguka. Wakahamia kwenye ushirikishwaji wa jamii, ambao Utelezini wanajivunia sana. Kila mtaa una Kikosi cha Sufuria. Kelele za ugomvi zikisikika kwa jirani, majirani wote hutoka na kupiga sufuria kwa nguvu, ili wenye nyumba wasione aibu ya kusikiwa. Siku hiyo walimpa tuzo ya mpigaji bora jirani yake Siwema, Mama Tunu, mama mpana mwenye moyo mwema. Alipokea sufuria mpya akalia kwa furaha.

"Siku ile ya bega nilipiga mpaka mwiko ukavunjika," aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Siwema hakusikika hata kidogo. Nilimsitiri, dada yangu."

Mumewe, Bwana Msellem, seremala mzee anayependa kuuliza maswali polepole, alikuwa akitembea nyuma yetu. "Mama Tunu," alisema, "na kama tungemsikia?"

"Ungekuwa utovu wa adabu," alijibu Mama Tunu, lakini alipunguza mwendo, na sufuria mpya akaihamishia kwapa la pili.

Nilimkuta Siwema hagongi. Nikamweleza yote, nikamsomea na ile sheria jinsi nilivyoisikia Barazani, kwa kuwa nina tabia ya kukariri sheria za watu. Mkono unapokelewa. Mkono unaingia nyumbani. Mkono ukivuka mlango haufukuzwi, lakini ukitoka wenyewe kabla ya jua la siku hiyo kuzama, umeyakataa makazi, na nyumba inabaki kwa aliyebaki. Jua likizama ungali ndani, nyumba ni ya wote wawili.

"Rudia," alisema Siwema.

Nikarudia.

"Wanasema mkono kila mahali?"

"Kila mahali. Mtu hatajwi hata mara moja."

Akainuka akachukua mkasi wa bati na patasi, akaenda kuutazama mlango wake kwa muda mrefu.

"Bi Mkaguzi," alisema, "nishikie mlango kwa juu usiyumbe. Mimi juu sifiki."

Ijumaa ilikuwa sherehe. Palikuwa na bendi, mapambo, na risala ndefu ya wahitimu, ambayo kwa kuwa mikono haisemi ilisomwa kwa ishara na hakuna aliyeielewa, ila wote walifuta machozi. Kila mkono ulivikwa joho dogo jeusi na kofia ya pembe nne iliyofungwa kwenye dole gumba. Mheshimiwa Nyange aliketi katikati, vyeti vyake vimening'inizwa kila kimoja mahali pake, na cha paji la uso kikawa kinamzuia kuona.

Shaali aliitwa wa kwanza. Mkono wake ulipewa nishani. Kisha Mkuu akatangaza, "Na sasa mke aupokee mkono!" Bendi ikanyamaza. Siwema akapanda jukwaani. Nilikuwa nimekaa mbele.

Siwema aliutazama mkono, si mtu. Aliinama akautolea salamu.

"Mkono, hongera. Umesoma, umefaulu, na mimi nimekupokea. Karibu nyumbani."

Umati ukalipuka kwa makofi. Shaali akatabasamu, akapiga hatua kumfuata. Siwema akainua kiganja.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo... huyo ni msindikizaji," alisema Mwalimu Badru.

"Amesoma?"

"Hapana. Hana kosa."

"Basi simjui. Nyumbani kwangu naupokea mkono uliohitimu. Mtu ambaye hajasoma hata siku moja siwezi kumwingiza, mtaniharibia mkono. Asindikize mpaka mlangoni aishie hapo."

Mheshimiwa Nyange alisimama akisema huu ni upuuzi. Wajumbe wa Baraza walikusanya vichwa pamoja. Walijaribu kuipindua sheria kila upande, na kila upande ilikuwa inasema mkono. Kuibadilisha pale pale ingemaanisha kwamba vyeti vyote vya Mheshimiwa ni karatasi za kufungia karanga. Wakatoka na uamuzi, nyuso zimewashuka: mama amefuata sheria.

Mtaa mzima uliwasindikiza. Na pale kwenye mlango wa Siwema, usawa wa kiuno, palikuwa na kijimlango cha bati, kama kile cha jiko cha kutolea majivu ila kikubwa zaidi, kina bawaba zake, na ndani kina komeo. Siwema aliingia, akafunga mlango mkubwa, akafungua ule mdogo.

"Mkono, karibu," alisema kwa ndani.

Shaali alitazama watu. Watu walimtazama. Alikuwa na hesabu zake: jua likizama, nusu ya nyumba ni yake. Akachekacheka, akapiga magoti, akauingiza mkono mpaka kwapani, shavu likabanwa kwenye mbao.

Mimi kama mpangaji nilikuwa ndani, kando ya dirisha, kwa hiyo niliona kila kitu. Siwema aliuvua mkono joho. Aliuwekea beseni la maji na kitunguu saumu cha kumenya, na mkono, kwa kuwa ulifundishwa vizuri, ukamenya. Siwema akaendelea na kazi zake akiuzungumzisha.

"Mkono una bidii, mashaallah. Mkono, utakunywa maji? Pole na safari."

Nje watu walikuwa wakipita na kuusalimia mkono kupitia tundu. "Mkono umefika salama? Mkono umepokelewaje?" Hakuna aliyemwuliza Shaali lolote. Yeye alikuwa ni kile kilichobaki nje.

Adhuhuri ikafika, jua likamkalia utosini, na njaa ikamuuma. Mama Tunu alimletea sahani ya wali. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, maana Utelezini kula kwa mkono wa kushoto ni aibu kama kwetu. Shaali aliitazama sahani. Akamtazama Mama Tunu. Wa kulia ulikuwa ndani unamenya vitunguu. Mwishowe Bwana Msellem akavuta kigoda chake, akaketi, akaanza kumlisha tonge moja moja, na kati ya matonge akawa anauliza.

"Mwanangu, kwani mkono huu ulifanya nini hasa?"

"Uliteleza, mzee."

"Mh. Tonge hili hapa. Ulitelezea wapi?"

"Begani kwa Siwema."

"Wewe ulikuwa umekaa?"

"Nimekaa."

"Na Siwema alikuwa wapi?"

"Jikoni."

Bwana Msellem alishikilia tonge hewani. "Una mkono mrefu, mwanangu."

Watu wakacheka. Shaali akacheka nao, uso umetulia, kauli laini. Lakini ndani niliona kitu ambacho wao hawakukiona. Mkono uliacha kumenya. Ukajikunja taratibu ukawa ngumi, na vitunguu vikapasukia humo. Siwema alirudi nyuma mpaka ukutani. Aliinua mkono wa kulia kujikinga uso, na wa kushoto ukajaribu kupanda nao ukashindwa, na mimi sitalisahau hilo. Sikuwa na hasira, nilikuwa na woga, na nilipiga kelele.

"Mkono umekunja ngumi!"

Nje, Mama Tunu alikurupuka. Miaka yake yote ya Kikosi ilimsukuma. Akaikamata sufuria ya tuzo, akainua mwiko. Wenzake nao wakaingia majumbani na kutoka na zao. Wote walimngoja yeye, mpigaji bora, aanze.

Hakuanza. Alisimama na mwiko juu, akasikiliza. Na kwa mara ya kwanza katika mtaa ule, watu walimsikia Siwema anavyohema akiwa na hofu.

Mama Tunu akaweka sufuria chini.

Bwana Msellem aliinama akamtazama Shaali usoni, karibu kabisa. "Mwanangu, wewe umetabasamu huku nje, na huko ndani mkono umekunja ngumi. Nani kauambia?"

"Mkono huu—"

"Mkono, mkono!" akaitikia mtu. "Mkono jamani, tulia! Mkono, kumbuka shule!" Na watu wakajazana kwenye tundu la mlango wakiubembeleza mkono, wakiuita kwa majina mazuri, mmoja akapenyeza paka ili upapase. Hapo Shaali akashindwa. Alikuwa amechomwa na jua, amelishwa kama kinda, na mtaa mzima ulikuwa unazungumza na mkono wake kana kwamba yeye ni kigingi.

"Mkono unajua nini!" alipaza sauti. "Mkono hauna akili! Wa kuulizwa ni mimi! Mimi ndiye niliyesema uende! Mimi ndiye niliyempiga!"

Aliyasema kwa kiburi, akidai haki yake. Kisha akasikia alichokisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Badru, aliyekuja kutazama mhitimu wake, alitafuta meza ya kupapasa akakosa, akaketi chini.

"Endelea," alisema Bwana Msellem, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Shaali alijaribu kutazama pembeni ila shavu lilikuwa limebanwa. Akasema. Alisema chai ilipokuja ilikuwa na sukari kidogo. Alisema Siwema alicheka, hakucheka sana, na yeye alitaka anyamaze. Akainuka, akatembea mpaka jikoni, na njiani alikuwa na nafasi ya kugeuka, hakugeuka. Aliona Siwema ameshika sinia kwa mikono yote miwili, hawezi kujikinga, na aliliona hilo kabla hajapiga. Alipofika hapo sauti ilikuwa imemwishia. Alianza kulia, na mimi niliyekuja nimemchukia nikaendelea kumchukia, lakini nilimsikiliza.

Kisha akautoa mkono tunduni. Hakuna aliyemwambia autoe. Aliutazama, una harufu ya vitunguu, kama anautambua kwa mara ya kwanza. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa.

"Siwema," alisema kwenye kile kijimlango. "Nimesema kweli yote. Nifungulie."

Siwema aliinama usawa wa tundu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama mtu na si mkono.

"Nimekusikia, Shaali. Hiyo unayoiita kweli yote ndiyo somo la kwanza. Nenda ukasome, na safari hii uende mzima."

Akafunga kile kijimlango, akashusha komeo. Alikuwa ameliweka chini, pale ambapo mkono wake wowote ungelifikia.

Wajumbe walikuja wakathibitisha, hawakuwa na namna: mkono ulitoka wenyewe, nyumba ni ya aliyebaki. Shaali alilala kwa Bwana Msellem, kwenye karakana ya useremala, na baada ya hapo akawa haruhusiwi kufika mtaa wa Siwema mpaka Siwema mwenyewe aseme.

Niliongeza siku zangu Utelezini ili nione itakuwaje. Chuo kilifungwa kwa muda kwa sababu madawati hayakuwatosha watu wazima wazima, na Mwalimu Badru alilalamika sana juu ya bei ya mito ya ukubwa huo. Darasa likahamia karakana ya Bwana Msellem. Wanaume huketi kwenye mbao, kila mmoja na mikono yake, miguu yake na mdomo wake, na Bwana Msellem huuliza maswali yake ya polepole: ulikuwa wapi, ukasimama vipi, njiani ulifikiri nini. Kabla ya darasa kuanza, Mama Tunu hupita nyumba kwa nyumba kuwauliza wake wiki ilikwendaje, na jibu lao ndilo alama. Wengi wanafeli. Mheshimiwa Nyange alikuja siku moja na vyeti vyake, akaulizwa swali la kwanza, akakumbuka ana kikao.

Kama mkaguzi nasema wazi kwamba hiyo karakana ina vumbi, haina choo cha maana, na mwalimu wake hana sifa. Nimeipa alama ya juu kuliko shule zote nilizowahi kukagua.

Siku ya kuondoka nilimkuta Siwema kazini. Ua ulikuwa umejaa vijimlango vya bati, maana mtaa mzima walikuwa wameagiza. Hata Mama Tunu aliagiza, na nilipomuuliza cha nini na mumewe ni mpole vile, alisema ni cha akiba.

"Na Shaali?" nilimuuliza Siwema. "Utamfungulia lini?"

Alilibana bati kwa goti, akalipima kwa jicho.

"Anasoma," alisema. "Bado sijaliuliza bega langu."

Akaendelea kugonga. Nilipofika mwisho wa mtaa nilikuwa bado namsikia, na hakuna jirani aliyepiga kitu kumfunika.